Boti ya Bluu na Moteri Yenye Kofia ya Bidoni

Tangu nirudishe ufunguo wa atelie yetu ya moteri, simu yangu haijapumzika. Nilidhani nimestaafu ili nianike muhogo wangu kwa amani, kumbe kila asubuhi mmoja wenu, mafundi niliowaacha, ananipigia kutoka bandarini Baraka: kuna mtu anataka boti ya mtumba, ya moteri, pesa yake kidogo, tumwambie nini? Nimejibu mpaka sikio limepata moto. Sasa nimechukua daftari, naandika mara moja, mtasomeana. Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo changu kilikuwa kimoja tu, fundi, na mshahara mnaujua kwa kuwa ni huo huo mnaopata ninyi, hakuna haja ya kuhuzunishana.

Mimi nilizaliwa Bibokoboko, juu kule, kwa wenye ng'ombe. Kutoka kwetu ziwa linaonekana chini kama shuka iliyotandikwa, halisogei wala halisemi kitu. Niliposhuka Baraka nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kuishi kwa shangazi yangu, ndipo niligundua kwamba linasogea. Sikulipenda. Mpaka leo sijui kuogelea, na ninawaambia hili wazi kwa sababu wengi wenu mmelijua muda mrefu na mmekuwa mkinificha kwamba mnalijua.

Shangazi aliuza petroli, esansi yetu, kwa chupa pale ufukweni, akaniweka kwenye meza yake. Kazi ilikuwa kukaa, kumimina, na kusikiliza moteri za watu mchana kutwa. Baada ya miezi michache masikio yangu yalianza kufanya kazi bila mimi. Nilijua moteri ipi itarudi ikiwa inanguruma na ipi itarudi ikivutwa kwa kamba. Siku moja nilimwambia mteja asiende mbali, moteri yake inakohoa mara moja katika kila pumzi tatu. Aliyenisikia ni Mzee Wilondja, fundi wa moteri, mzee wa Kibembe mwenye mikono mipana, ambaye atelie yake ya mabati ilitazamana na meza yetu. Alinijia akauliza nimejuaje. Nikasema sijui. Kesho yake alimwomba shangazi aniruhusu nifanye kazi kwake. Shangazi akauliza, kazi gani? Mzee akajibu kwamba masikio yake mwenyewe yameanza kuisha, anahitaji mengine.

Siku ya kwanza alinipa moteri ndogo iliyofungwa kwenye pipa la maji, akaniambia niiwashe. Nilivuta kamba kwa nguvu zote za Bibokoboko. Moteri haikuwaka. Nililala chali, na kamba yote nilikuwa nayo mkononi. Mzee Wilondja alinitazama, akaitazama kamba, akasema kwa upole kwamba katika atelie kamba ilikuwa hiyo moja. Siku hiyo nzima nilijifunza kuunga kamba.

Vyombo vyake vya kukagua boti ya mtumba vilikuwa vitatu, na vyote viliingia katika mfuko wa kitenge: ufunguo wa bujii, yaani wa plagi, turnevisi ndefu, na spoku ya baiskeli aliyoichonga ncha. Turnevisi hakuitumia kwa skrubu peke yake. Aliweka ncha juu ya moteri inayofanya kazi, mpini sikioni, akafumba macho. Mwanzoni nilidhani anasali. Nilipojaribu mwenyewe nilisikia kila kitu kilichomo ndani, vyombo vikigongana kama jikoni kwa watu, na nikacheka kwa sauti. Aliniambia nisicheke mbele ya muuzaji, anaweza kupandisha bei.

Haya ndiyo aliyonifundisha, na mtayaandika ukutani mkitaka. Toa bujii, ziba tundu kwa kidole gumba, mtu avute kamba: kidole kisiporushwa, pistoni imechoka. Fungua skrubu ya chini kwenye mguu wa moteri: mafuta yakitoka meusi, sawa, yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, rudi nyumbani. Moteri ikiwaka, tazama uzi wa maji unaotoka pembeni, ule tunaouita mkojo. Usipotoka, zima mara moja. Ubaoni, usitazame nje ambako brashi ya rangi imefika, nyanyua mbao za chini utazame ndani ambako mwenye boti alichoka kupaka. Na ule ubao wa nyuma unaobeba moteri, uchome kwa spoku. Ubao mzima unakataa spoku. Ubao uliooza unaipokea.

Hili la mwisho nililisikia, nikaliandika, na mwaka wa kwanza niliotumwa kukagua peke yangu nikalisahau. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole sana, alitaka boti ya kubebea mkaa wakati wa likizo. Ubao wa nyuma ulikuwa na rangi nzuri ya kijani, spoku niliiacha atelie, nikasema boti ni nzima. Katika safari yake ya tatu moteri iling'oka na kipande cha ubao, ikazama. Yeye na wenzake walipiga makasia kwa saa tano mpaka ufukweni. Alikuja atelie na miguu yenye matope, akaweka mbele yangu kipande kingine cha ubao huo, laini kama mkate ulioloweshwa, akasema, "Fundi, angalia rangi yake, iko muzuri kabisa." Afadhali angenitukana. Mzee Wilondja alimtengenezea mwalimu moteri nyingine kutoka kwenye vyuma vyetu vya zamani, na mimi nilifanya kazi hiyo naye Jumapili tano baada ya ibada, bila kuambiwa.

Miaka ikapita. Mzee aliacha kazi, akahamia Uvira kwa binti yake. Mimi nilibaki na mfuko wa kitenge, kisha mkaja ninyi mmoja mmoja. Nilikagua boti nyingi, nyingine nimezisahau kabisa. Lakini kazi yangu ya mwisho, ya mwaka jana, nataka kuieleza yote, kwa sababu kila nikiikumbuka natembea nyumbani nikicheka peke yangu, na wajukuu wangu wameanza kuwa na wasiwasi.

Mnawajua wale bamama kumi na saba wanaouza ndakala, samaki wadogo wa ziwa, sokoni, wenye kiongozi wao Mama Sifa. Mnajua pia walivyokuwa wakisafiri kwenda Kazimia kuchukua samaki kwa boti za watu. Mara mbili moteri iliwazimikia nje ya ncha ya Ubwari, pale ghuba yetu inapoisha na ziwa lenyewe linapoanza. Mara ya pili walitupa vikapu vyote majini ili boti isizame. Waliporudi wakaamua watanunua ya kwao. Walijinyima mwaka mzima. Pesa ilitosha boti moja ya mtumba, na isingetosha kukosea.

Mama Sifa alikuja kuniita akiwa amevaa kitenge cha sikukuu. Nilipofika ufukweni niliwakuta wote kumi na saba kwenye boti ya mbao ya bluu, bluu ya kung'aa, yenye ua jekundu lililochorwa mbele. Wengine walikuwa wamekwisha kaa ndani. Nikauliza kama wameinunua tayari.

"Hapana," Mama Sifa akasema. "Lakini tulisha ipenda mbele ya kukuita. Tulikuita juu uitike, useme ndiyo tu."

Mwenye boti, Papa Alimasi, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko chepesi. Alinipokea kama dada yake. Nikaweka mkono juu ya moteri, kabla ya salamu kuisha. Ilikuwa ya moto. Mnajua maana yake: mtu ameiwasha asubuhi ili iwake vizuri mbele ya mnunuzi. Moteri ya moto humkubali kila mtu. Nilikaa juu ya boti, nikamwambia Papa Alimasi kwamba nimechoka, naomba nipumzike kidogo. Akaleta chai. Nikanywa. Tukazungumza habari za mvua, za barabara ya Fizi, za meno yake. Nikaomba chai nyingine. Bamama walinitazama kwa hasira, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na mimi nilikuwa nimekaa kama mgeni wa harusi. Baada ya saa mbili niligusa tena moteri, ikawa baridi. Nikasema, haya, tuiwashe.

Papa Alimasi alivuta kamba. Akavuta tena. Kufika mara ya sita aliacha kucheka, mara ya tisa akavua shati. Iliwaka mara ya kumi na nne, ikatoa moshi ulioficha ua jekundu lote. Mkojo haukutoka. Nikazima, nikafungua skrubu ya mguu, ikatoka chai ya maziwa kamili, ilibaki sukari tu. Mama Sifa aliinama, akayatazama mafuta yale, kisha akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeyamimina.

Nikasema moteri hii siikubali. Mmoja wao akaanza kulia, mwingine akasema mimi ni mtu wa mlimani, nitajua nini habari za ziwa. Alikuwa na haki kidogo. Lakini niliona haya kuondoka hivyo, nikatoa spoku, nikanyanyua mbao za chini, nikachoma. Nilichoma mbavu zote, nikachoma ubao wa nyuma mara ishirini, Papa Alimasi akikunja uso kila mara kana kwamba namchoma yeye. Spoku ilikataliwa kila mahali. Pamba na lami kati ya mbao vilikuwa vipya, vimewekwa na mtu anayejua kazi. Nikaketi palepale ndani, nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia. Boti ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa moteri peke yake.

Wakati huo huo, nilikuwa nimeisikia nyingine. Tangu asubuhi, nikiwa kwenye chai yangu, masikio yalikuwa yakifuata moteri moja iliyopita mbele yetu mara tatu ikibeba mchanga. Ilikuwa na sauti ya kuridhika, tik tik tik, haina haraka. Mwenye nayo alikuwa Papa Etabo, mchukua mchanga, mtu asiyependa maneno. Boti yake ilikuwa aibu: imepinda, imezibwa kwa vipande vya kandambili, na yeye aliendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukichota maji kwa sufuria. Moteri yenyewe haikuwa na kofia ya kuifunika. Mahali pa kofia alifunga nusu ya bidoni la njano, dumu la plastiki, kwa mpira wa tairi.

Nilimwita, nikaomba nisikilize. Niliweka turnevisi, nikafumba macho. Jikoni mle mlikuwa na utulivu, kila sahani mahali pake. Alipoizima ikapoa, kidole changu gumba kilirushwa mpaka nikakitikisa. Mafuta ya mguu yalikuwa meusi. Ikawaka mara ya pili. Nikamwuliza kama angeiuza. Papa Etabo akasema amechoka kuchota maji, kaka yake wa Minembwe amemwita apande mlimani akalime viazi, na huko juu moteri ya boti haina kazi nyingi.

Ndipo nikawaeleza bamama. Wanunue boti ya Papa Alimasi bila moteri, na moteri ya Papa Etabo bila boti. Papa Alimasi alisema haiwezekani, vitu hivi vinauzwa pamoja. Nikamwuliza kwa utaratibu kama anataka niwaeleze wanunuzi wengine wa ufukweni habari ya ile chai ya mguuni mwa moteri. Akacheka tena, mtu yule hakuwa mbaya, akakubali. Nusu mbili zile pamoja zilikuwa na bei ndogo kuliko ile aliyoitaka yeye kwa boti nzima, na kilichobaki kilitosha majile ya kuokoa, vizibao vya kuelea majini, kwa wote.

Aliyekuwa hajakubali ni Mama Sifa. Alilizunguka bidoni lile la njano mara mbili.

"Watu batatucheka," akasema.

Nikamjibu kwa Kiswahili chake: "Bacheke. Mukiwa hai mutasikia."

Akacheka yeye wa kwanza, mpaka akashika magoti. Siku tatu baadaye, nilipofunga moteri kwenye boti ya bluu kwa skrubu zake mbili na mnyororo wa tahadhari, walikuja ufukweni wakiimba nyimbo za harusi. Nusu yao walisimama upande wa boti, nusu upande wa moteri, wakadai mahari wao kwa wao. Mama mmoja alitoa jogoo kabisa. Papa Alimasi alijitokeza kama baba wa bibi harusi na alikunywa kuliko wote.

Lakini boti haijanunuliwa mpaka imejaribiwa na mzigo, na mzigo haujaribiwi ghubani ambako maji ni ya kuoga. Nilisema tutaenda mpaka nje ya ncha ya Ubwari, na nikaomba magunia ya mchanga. Mama Sifa akaniuliza mchanga wa nini. Nikasema uzito. Akawatazama wenzake, ambao hawakuwa wembamba.

"Uzito njo sisi," akasema.

Tukapanda kumi na wanane, kila mmoja na jile lake. Nilijaribu kuwashawishi wanane wabaki, sikusikilizwa. Boti ilikaa vizuri majini, mkono mzima wa ubao ukiwa bado juu. Moteri ya bidoni ilisema tik tik tik, mkojo ukitoka uzi mrefu, na bamama wakaimba mpaka Baraka ikawa mstari mdogo nyuma. Karibu na ncha nilisimamisha, nikanyanyua mbao kutazama ndani. Maji yalikuwa ya kujaza kikombe. Ili bamama wabadilishane nafasi bila kumwaga esansi, nilifunga ile skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Kisha nikawasha, tukapita ncha, na mawimbi yakaanza.

Yalikuwa mawimbi ya kawaida ya nje, lakini mimi nilishika ubao kwa mikono miwili na nikaendesha kwa kiwiko. Dakika kumi tulipanda na kushuka. Bamama walipiga kelele ya furaha kila tuliposhuka, kama watoto kwenye bembea. Halafu moteri ikanyong'onyea, ikasema tik mara moja, ikazima.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mahali hapo ndipo walipotupa vikapu vyao, na kila mtu ndani ya boti alijua isipokuwa boti. Boti ilianza kugeuka ubavu kwa wimbi. Niliwaambia wawili washike makasia waiweke kichwa kwenye wimbi, wakafanya bila swali. Nilivuta kamba mara tatu, kimya. Nikatoa bujii, ilikuwa kavu. Nilimwona yule mwalimu na mkate wake wa ubao. Nikasema moyoni, Namahoro, umeua watu kumi na saba kwa masikio yako.

Mama Sifa alikuwa amekaa karibu na tangi. Aliokota ile pampu ya mpira ya mkono iliyo kwenye bomba la esansi, akanionyesha. "Fundi," akasema polepole, "hii kitu ilikuwa nene. Sasa iko sawa shavu ya mutu wa njaa."

Niliitazama. Pampu ilikuwa imenyonywa ndani, imebonyea. Tangi lilikuwa halipumui, na bila hewa esansi haitoki. Skrubu ya hewa niliifunga mimi, kwa mkono huu ninaoandikia, na sikuifungua, jambo ambalo nimewagombeza ninyi wote kwa miaka, mmoja mmoja, kwa majina. Nilipoilegeza, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, mbele ya watu wote.

Nilitaka ziwa linimeze. Lakini niliwaambia ukweli, kwamba boti haina kosa na moteri haina kosa, kosa ni la fundi. Kisha yule aliyeniita mtu wa mlimani akaanza kucheka, akacheka vibaya, akamwangukia mwenzake, na kicheko kikapita boti nzima mpaka wenye makasia wakashindwa kuyashika. Nikavuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza.

Nilisema basi, jaribio limekwisha, tugeuze. Hakuna aliyenisikia. Mama Sifa alisema tukiwa tumekwisha fika nje, kwa nini turudi na vikapu vitupu? Nikamwambia hatuna vikapu. Akasema Kazimia vipo. Akasogea nyuma, akaniomba nimwonyeshe namna ya kushika mkono wa moteri, nikamwonyesha mara moja tu, na hakunirudishia.

Tukaingia Kazimia adhuhuri. Watu walisimama ufukweni kutazama boti ya bluu yenye ua, imejaa wanawake wanaoimba, nyuma bidoni la njano likicheza kwenye mpira wake. Mzee mmoja aliuliza ni harusi ya nani. Mama Sifa akamwambia harusi ilikuwa asubuhi, wao wamekuja kununua ndakala. Walinunua, wakabishana bei kwa sauti ya watu wasiongoja boti ya mwingine iondoke, na saa nane tukapakia.

Safari ya kurudi sina ya kusimulia. Nilikaa kati ya vikapu viwili, sina kamba ya kuvuta wala tangi la kulinda. Nilikusudia kuisikiliza moteri mpaka Baraka. Nakumbuka ncha ya Ubwari ikija mkono wa kushoto, mawimbi, na tik tik tik. Kitu kilichofuata ni mchanga kukwaruza chini ya boti, na mkono wa Mama Sifa begani mwangu.

"Fundi, tulisha fika," akasema. "Ulikoroma kuliko moteri."